Leza Aliyoikataa Baba

Mie nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili nikifika pale nilipomfokea baba yangu mzazi, mtu asishangae. Nilimfokea, ndiyo, mchana kweupe, kwenye uchochoro wetu kule Mtoni Kijichi, majirani wamesimama milangoni na mabeseni yao ya nguo. Na nilikuwa na haki. Yaani, nilidhani nina haki.

Mwaka ule nilikuwa nasomea shahada ya pili ya fizikia, ile ya karatasi na kompyuta, siyo ya maabara. Kazi yangu ilikuwa hivi. Kuna chembe inaitwa Higgs yenye chaji. Hakuna aliyewahi kuiona. Ziko nadharia zinazosema huenda ipo. Ukigonganisha elektroni na kinyume chake, positroni, kwa kasi kubwa kabisa, huenda wakazaliwa mapacha wa chembe hiyo, mmoja wa chaji chanya, mwenzake wa chaji hasi. Swali langu: je, tukiumulika mgongano ule kwa leza kali, mapacha watazaliwa zaidi, watapungua, au itakuwa vilevile? Basi, ndiyo hayo tu. Miaka miwili ya maisha yangu iliishia humo.

Watu walikuwa wakiniuliza nitaajiriwa wapi na chembe ambayo haijaonekana. Baba hakuuliza. Baba ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha ya nondo, elimu yake darasa la saba, na alichotaka kujua ni kazi yenyewe inafanywaje. Mama alikuwa Masasi anamuuguza bibi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mie na yeye, na kompyuta yangu iliyokuwa inachemka mpaka inazima. Siku moja akarudi kutoka karakana na kistendi alichokiunga kwa vipande vya nondo vilivyobaki, chini wazi, hewa ipite. "Mpandishe huyo mgonjwa wako hapa," akasema.

Baba ananiita mama. Nimerithi jina la mama yake, na kwetu mtoto mwenye jina la mzazi wako humwiti ovyo wala humbishii ovyo. Nilipokuwa na miaka mitano alikuwa ananiamkia kabisa, "Shikamoo, mama," nami bila haya naitika marahaba, watu wanacheka. Nimekua na cheo hicho nyumbani, na kusema kweli kilinilevya kidogo.

Ikawa kila siku baada ya alasiri, akishafunga karakana na kuoga, anakaa kwenye kochi, na mie nasimama mbele ya ukuta mweupe najizoeza utetezi wa tasnifu. Utetezi ulikuwa umepangiwa siku tayari. Baba ndiye jopo. Fundi akishachomelea kiungo hukigonga kwa nyundo, lile ganda jeusi lidondoke, naye anasikiliza mlio. Kiungo kilichoshika ndani kina mlio wake, na kilichoshika juu juu kina wake. Na mie alinifanyia hivyohivyo. Nikifika mahali, ananyoosha kidole: "Simama hapo, mama. Ngoja nipagonge."

"Gonga."

"Hizo elektroni zikiwa ndani ya mwanga zinafanya nini?"

"Zinachukua fotoni, zile punje za mwanga. Nyingine badala ya kuchukua zinatoa."

"Ngapi?"

"Inategemea, Baba. Moja, kumi, mia. Inabidi nihesabu kila namna, halafu nijumlishe zote."

"Umehesabu mpaka ngapi?"

"Mia tatu za kuchukua, mia tatu za kutoa."

"Kwa nini mia tatu?"

"Zinatosha."

Akatikisa kichwa, akakubali. Mtu atambishia vipi mama yake? Ukweli ni kwamba niliishia mia tatu kwa sababu zaidi ya hapo kompyuta ilizima, hata juu ya kistendi chake. Lakini sikumwambia, na nilikasirika kidogo kwamba ameuliza.

Jibu nililopata lilikuwa zuri, tena la kupendeza kwenye grafu: kadiri leza inavyoongezwa nguvu, uwezekano wa wale mapacha kuzaliwa unashuka, unashuka, unashuka. Baba aliipenda ile grafu kuliko mtu yeyote duniani. Alikwenda nayo kijiweni kwao, pale wazee wanapocheza drafti, akawachorea kwa chaki juu ya bati. "Mama kathibitisha," anawaambia. "Leza inapunguza." Wenzake wakamtania kwamba mama yake alishafariki zamani, sasa huyu anayethibitisha ni mzimu? Alirudi nyumbani anacheka mwenyewe.

Halafu likaja lile geti. Mteja wa Kigamboni alikuja karakana kulalamika kwamba mabawa mawili ya geti hayakutani, yameachana vidole viwili. Baba yangu! Mtu ambaye akitazama fremu tu anakwambia imekwenda upande. Akasema chuma kimepinda kwa jua. Wiki ileile akanimiminia chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka mapajani mwangu, naye anaendelea kumimina na kunisimulia habari. Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti wa umri wangu, mpole, anaongea taratibu. Kisukari, akasema, kimeharibu vimishipa vidogo nyuma ya macho, vinaanza kuvuja. Dawa yake ni leza, tena mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Akanituma dirishani nikaandikishe siku. Foleni ilikuwa ndefu, nikawaacha wawili hao kama nusu saa. Niliporudi, Baba alikuwa ameinama, mikono magotini.

Tukatoka. Tulipofika getini akasimama.

"Mama, hiyo leza siitaki."

"Kwa nini?"

"Wewe mwenyewe umethibitisha inapunguza."

Nikacheka. Nilidhani utani. Akanitazama kwa yale macho yake mekundu ya miaka mingi ya moto wa kuchomelea, hacheki.

Jamani, nilimweleza. Tangu getini pale mpaka nyumbani, na siku ya pili, na ya tatu. Baba, leza yangu ni ya kwenye karatasi, nguvu zake hazipatikani hospitali yoyote. Baba, yangu inahusu chembe ambazo hata hazijulikani kama zipo. Ya daktari inahusu mishipa ya damu. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Grafu yako inaanza kushuka kushoto kabisa, penye leza ndogo. Hukuandika kwamba inapunguza kuanzia hapa kwenda mbele."

"Siyo jambo lilelile, Baba!"

"Leza ni leza, mama. Mie nimefanya kazi na mwanga miaka yote hii. Mwanga haujawahi kuniongezea jicho."

Alikuwa ameyashika maneno yangu mwenyewe, slaidi kwa slaidi, na kila nilipomvuta alijishikilia hapo. Siku ya miadi ikafika, akaenda karakana. Nikamfuata uchochoroni, na hapo ndipo nilipomfokea. Nilimwambia ni mkaidi, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Iddi. Nikamwambia hiyo grafu nitaichoma. Nikamwuliza kama anataka niwe namshika mkono kumpeleka chooni. Majirani wakaacha kufua.

"Usinipigie kelele njiani, mama," akasema kwa sauti ndogo, kisha akaenda zake, kiganja kikipapasa ukuta wa jirani. Niliona aibu mpaka nikashindwa kurudi ndani kwa mlango wa mbele.

Wiki tatu zikapita hivyo. Tulikuwa tunaongea, kwa sababu hatuwezi kutoongea, lakini leza haitajwi, isipokuwa ile ya kwangu. Maana mazoezi hakuyaacha. Alasiri ikifika anauliza, "Leo hatusomi?" Ila mahali pake pakawa panahama. Kwanza kochi. Baadaye akavuta stuli mpaka katikati ya chumba. Wiki ya tatu alikaa kwenye kigoda cha jikoni karibu na miguu yangu, uso ameuinua juu, na mie naongea juu ya mapacha wa Higgs. Nilimpenda mno na nilikuwa namchukia kwa kujiharibu mbele yangu.

Asubuhi moja msimamizi wangu akaniita chuoni. Ni mtu wa taratibu, hufuatisha kila mstari kwa penseli na hainui kichwa mpaka amemaliza ukurasa. Penseli ikasimama.

"Kwa nini mia tatu?" akauliza.

Nikafungua mdomo niseme zinatosha. Neno likakataa kutoka. Nilimwona Baba na kidole chake, nikamwambia msimamizi ukweli: kompyuta inazima.

Hakunigombeza. Alinipeleka kwenye mashine kubwa ya idara, tukaiachia ihesabu maelfu ya fotoni, za kuchukua na za kutoa, na tukakaa tunatazama. Ule mstari wangu mzuri wa kushuka ukaanza kupanda. Ukapanda kila tulipoongeza, mpaka ukalala sawa juu ya mstari wa mgongano usio na leza kabisa. Fotoni nilizoziacha ndizo zilizokuwa zimebeba kile nilichodhani kimepotea. Ukizichukua chache, ndiyo, unaona upungufu. Ukizijumlisha zote, mapacha wanazaliwa vilevile, kama vile leza haikuwahi kuwashwa. Leza yangu haikupunguza kitu. Mie ndiye niliyepunguza hesabu.

"Kazi haijafa," msimamizi akasema. "Imebadilika. Andika upya sura mbili. Utetezi tutausogeza, miezi mitatu hivi."

Nililia kwenye ngazi za idara, kilio cha hasira. Nilipomaliza kulia nikagundua nina silaha. Sasa naweza kumwambia Baba kwamba leza haipunguzi. Lakini nilijua itakavyomuuma. Alikwishawachorea wazee kwa chaki. Alikwisha kuninadi Kijichi nzima. Na mie nilikuwa mama, ambaye kauli yake haigongwi mara mbili.

Nilimkuta amekaa barazani, anakwangua kutu kwenye bawaba kwa vidole, kwa kupapasa. Nikamwamkia, nikakaa chini, siyo kwenye kiti.

"Baba, nilikosea."

Akaacha kukwangua.

"Uliniuliza kwa nini mia tatu, nikakujibu jeuri. Hazikutosha. Nimehesabu zote leo. Leza haipunguzi. Ile grafu ni ya uongo, na wewe umekataa matibabu kwa sababu yangu. Nisamehe."

Nilitegemea aseme kitu kuhusu wazee wa kijiweni. Nilitegemea hata acheke.

"Na utetezi?" akauliza.

"Umesogezwa. Miezi mitatu."

"Mitatu." Midomo ikahesabu. "Kweli mitatu? Hawatairudisha ile siku ya kwanza?"

"Hawarudishi."

"Basi kesho nipeleke kwa yule binti. Hiyo leza nipigwe."

Niliruka, wallahi. Nilimbusu kichwani. Nikajiona mwanasayansi kweli: nimekiri kosa, nimeleta ushahidi, mzee amebadili msimamo. Nilifua kanzu yake usiku uleule kwa furaha.

Kesho yake wakamtia matone ya kupanua mboni, wakatuambia tusubiri kwenye benchi, afumbe macho. Alikuwa amekaa wima, machozi ya dawa yanamtiririka mpaka ndevuni, na mie namfuta kwa ncha ya mtandio. Ndipo akasema, macho ameyafumba.

"Siku ile ulipokwenda dirishani, yule binti alinieleza. Alisema hii haikurudishii macho yaliyokwisha kwenda, inalinda yaliyobaki. Na akasema wengine wakitoka humo wanaona ukungu kwa wiki nyingi. Nikamwuliza wiki ngapi, akasema inategemea mtu."

"Sasa?"

"Utetezi wako ulikuwa baada ya wiki tano."

Sikuelewa mara moja. Nawaambia nina shahada, na sikuelewa.

"Nilihesabu," akaendelea. "Nikasema nikiingia humo, siku mama anasimama mbele ya wale wakubwa, mie nitakuwa naona ukungu. Nimechoma vyuma maisha yangu yote, sikusoma. Nilitaka nikuone umesimama. Mara moja tu. Baada ya hapo wanifanye watakalo."

"Na grafu?"

"Grafu ilinifaa. Ningekwambia ukweli ungesogeza siku yako kwa ajili yangu. Nakujua."

"Ningeisogeza! Kwani siku ni nini, Baba?"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Loo. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Wiki tatu! Wiki tatu nimembishia fizikia mtu ambaye hakuwa anabisha fizikia. Nilimwuliza yote kuhusu leza, nguvu yake, mshuko wake, kushoto na kulia kwa grafu, na sikumwuliza hata siku moja anaogopa nini. "Wewe mzee ni mwongo mkubwa," nikamwambia, nimemshika shingo, nalia mbele ya wagonjwa wote. Akanipigapiga mgongoni, akasema nimwache, namvurugia matone.

Yule daktari alipotoka mara ya mwisho, baada ya safari kadhaa za leza, alisema jicho la kulia limeshika. La kushoto damu ilikwisha kuvuja katikati, katika zile wiki za kungoja. "Mngewahi kidogo…" akasema, na alipoona uso wangu akaacha. Baba akamshukuru kwa heshima zote. Nje aliniambia moja linamtosha, mafundi wengi hulenga kwa jicho moja. Mpaka leo naikumbuka ile sentensi ya daktari, na sitaki mtu aniambie yamekwisha.

Siku ya utetezi alivaa kanzu na koti, akatangulia chuoni kabla hata ya mlinzi kufungua ukumbi. Walimpa kiti cha mbele. Jopo lilikaa nyuma yake kwenye meza ndefu. Mie nikapanda jukwaani, projekta ikawashwa, sura zangu mbili mpya zikaangaza ukutani. Nikamtafuta Baba kwa macho kabla sijasema neno.

Alikuwa anatabasamu. Tabasamu pana, la meno yote, kichwa amekiinamisha kidogo kama anayepiga hesabu ya fremu. Ila hakuwa ananitazama mie. Jicho la kulia lilikuwa zima kwa karibu, lakini mbali bado lilikuwa na ukungu, na pale pembeni mwa jukwaa palikuwa na spika ndefu iliyofunikwa kitambaa cheusi. Baba alikuwa anaitabasamia spika.

Nilikuwa na dakika ishirini. Nikashuka jukwaani, ngazi tatu, nikaenda kusimama hatua mbili mbele ya kiti chake, katikati ya mwanga wa projekta. Grafu yote ikanidondokea gauni.

"Mtahiniwa, sogea," mmoja wa jopo akasema. "Hatuoni grafu."

"Samahani, mheshimiwa. Sisogei. Nitawasomea namba kwa mdomo."

Minong'ono ikapita ukumbini. Baba alisikia sauti yangu imetoka mahali pengine. Tabasamu likamtoka, kichwa kikageuka taratibu, jicho likapapasa hewani, likanikuta. Akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Mama," akasema, "kumbe ni wewe. Haya, anza."